Malazi na Usafiri kwa Anayekwenda Mkutano wa Pikipiki kwa Mara ya Kwanza Kutoka Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa mwendeshaji wa Nairobi ambaye amezoea kwenda kazini na kurudi kwa pikipiki, pengine amewahi kufika Thika au Ngong siku ya Jumapili, lakini hajawahi kufunga mzigo nyuma ya kiti na kwenda kulala mbali na nyumbani kwa ajili ya mkutano wa waendeshaji wenzake. Mifano mingi ni ya Naivasha, kwa sababu ndiko wengi huanzia, na michache ni ya Nanyuki na Arusha.

Mkutano wa pikipiki ni nini hasa? Je, ni sawa na Safari Rally?

Si sawa, ingawa ukimwambia Mkenya yeyote kwamba unakwenda rali atadhani unazungumzia Safari Rally, yale mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo mwaka 2021 yalirudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia, makao yake yakiwa Naivasha. Katika mkutano wa pikipiki hakuna anayeshindana na saa. Waendeshaji hukusanyika mahali pamoja kwa siku mbili au tatu, hupiga kambi au kulala gesti, huzunguka eneo hilo kwa makundi wakati wa mchana, na jioni hula nyama choma, husikiliza muziki na kukaguliana pikipiki hadi usiku wa manane.

Mkutano unaotajwa zaidi duniani ni ule wa Sturgis katika jimbo la South Dakota, Marekani, ulioanza mwaka 1938 na ambao hufanyika kila Agosti. Ninautaja kwa sababu moja tu: Sturgis ni mji wa wakazi elfu chache unaopokea wageni mamia ya maelfu, na kwa hiyo wenyeji hukodisha hata nyua zao kwa watu wa mahema. Mikutano ya huku kwetu ni midogo mno ukiilinganisha na huo, lakini tatizo ni lile lile, kwamba mji mdogo una vitanda vichache na vyote hutakiwa katika usiku mmoja.

Nianze kupanga nini: njia, pikipiki au mahali pa kulala?

Anza na mahali pa kulala. Watu wengi hufanya kinyume. Hutumia majuma mawili wakichagua tairi na kutazama ramani, kisha Jumatano kabla ya safari hukumbuka kwamba watahitaji kitanda. Wakati huo vyumba vilivyo karibu vimekwisha, na kile kilichobaki ndicho kinachoamua kila kitu kingine: utafika saa ngapi, utapita barabara ya lami au ya vumbi, na kama utaweza kukaa kwenye sherehe hadi mwisho au utalazimika kuondoka mapema.

Mimi nilijifunza hilo kwa njia mbaya. Katika mkutano wangu wa kwanza nilipata chumba cha bei nafuu kilometa 14 kutoka uwanjani, nikajipongeza kwa kuokoa fedha. Sikuuliza kuhusu barabara. Kilometa sita za mwisho zilikuwa udongo mweusi, mvua ilikuwa imenyesha alasiri, na nilifika saa 3 usiku nikiwa nimeanguka mara mbili, mara zote nikienda polepole kuliko mtu anayetembea. Lango lilikuwa limefungwa. Mlinzi alinifungulia mlango mdogo wa miguu, akaniambia kwa upole kwamba mwenye ufunguo wa lango kubwa amekwenda nyumbani. Pikipiki ililala nje ukutani, nami nilikaa macho dirishani nikiisikiliza. Asubuhi niliikuta imelala ubavu, stendi ya pembeni ikiwa imezama ardhini na mkono wa klachi umevunjika.

Tangu siku hiyo huuliza pikipiki italala wapi kabla ya kuuliza mimi nitalala wapi.

Niweke nafasi ya chumba mapema kiasi gani?

Mara tu tarehe ya mkutano inapotangazwa rasmi, hata kama hujaamua utakwenda na nani. Kwa mji kama Naivasha, usisahau kuangalia kama wikendi hiyo ina jambo jingine, kwa kuwa Safari Rally, sikukuu ya Pasaka, likizo ya shule au harusi kubwa moja inaweza kumaliza vyumba vya mji na kupandisha bei ya vile vichache vinavyobaki.

Hoteli nyingi ndogo zitakuomba arubuni kwa M-Pesa. Hilo ni jambo la kawaida, ila fanya mambo mawili. Kwanza, piga simu kwa nambari uliyoipata mahali zaidi ya pamoja, kwa sababu matangazo ya vyumba visivyokuwapo huongezeka wikendi za aina hii. Pili, kabla ya kuidhinisha malipo soma jina linaloonekana kwenye simu. Ikiwa umeambiwa unalipia hoteli, na jina linalotokea ni la mtu binafsi usiyemjua, simama hapo na upige simu tena. Ukishalipa, omba ujumbe mfupi unaotaja tarehe, idadi ya usiku, bei ya jumla, na kiasi cha arubuni kitakachorudishwa ukighairi. Uhifadhi ujumbe huo mahali unapoweza kuufungua bila intaneti.

Nimwulize nini mwenye gesti kwenye simu?

Hapa ndipo inafaa kutumia muda wako mwingi, maana dakika kumi za simu zinaweza kukuepushia usiku kama ule wangu. Uliza kama pikipiki huegeshwa ndani ya lango au nje, kama sakafu ya maegesho ni ya saruji, kokoto au udongo, na kama kuna mlinzi anayekesha usiku kucha. Uliza lango hufungwa saa ngapi na nani anabaki na ufunguo. Uliza barabara ya kutoka kwenye lami hadi langoni ni ya kilometa ngapi, na huwaje mvua ikinyesha.

Zingatia namna unavyojibiwa. Ukiuliza, «Samahani dada, pikipiki huwa zinaegeshwa ndani ya lango?» naye akakujibu, «Usijali, hakuna shida,» bado hujajibiwa. Rudia swali kwa heshima: «Asante. Sasa nikifika saa mbili usiku, nitaiingiza ndani na kuiacha wapi?» Mwenyeji anayejua nyumba yake atakwambia kwamba utaiweka kando ya jiko, chini ya paa la mabati, karibu na kibanda cha soja. Yule asiyejua atarudia kwamba hakuna shida, na hapo nakushauri uendelee kutafuta.

Maswali mengine ni mepesi. Maji moto yapo asubuhi au jioni tu? Umeme ukipotea kuna jenereta? Kiamsha kinywa huanza saa ngapi, ikiwa msafara unaondoka saa 1 asubuhi? Mahali pa kuanikia nguo zilizolowa je? Usiache swali la umbali kutoka uwanjani, kwa sababu mikutano hii huwa na pombe, na anayekunywa hapaswi kabisa kupanda pikipiki kurudi gesti. Chumba ambacho unaweza kukirudia kwa miguu, au kwa teksi ya safari fupi, kinastahili kulipiwa zaidi kuliko chumba kizuri kilicho mbali. Ila usiwe ukutani mwa jukwaa la muziki, labda uwe mtu wa kulala popote.

Je, hema si rahisi zaidi kuliko chumba?

Ni rahisi kwa mfuko, na pia ndipo urafiki wa mikutano hii unapozaliwa, kwa kuwa watu wa mahema hukaa pamoja moto ukiwaka. Kwa safari ya kwanza, hata hivyo, fikiria hali ya hewa. Naivasha iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari na Nanyuki iko juu zaidi, chini ya Mlima Kenya. Usiku wake si usiku wa Mombasa. Umande hulowesha hema kana kwamba mvua imenyesha, na mtu aliyebeba shuka nyepesi huamka saa 10 alfajiri akitetemeka. Beba begi la kulalia la baridi, godoro jembamba la kutenga mwili na ardhi, na soksi kavu ambazo huzivai kwa jambo jingine lolote isipokuwa kulala.

Kando ya Ziwa Naivasha kuna jambo moja la ziada. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, na ndiyo maana kambi nyingi za ufukweni huweka uzio wa umeme kati ya mahema na maji. Usivuke uzio huo gizani kwa sababu yoyote, hata kama mwenzako aliyechangamka anakuita mkapige picha.

Kuhusu pikipiki yenyewe, usiiegeshe kwenye nyasi kavu ikiwa bado moto, wala usiiegeshe upande ambao ikianguka italalia hema. Stendi ya pembeni huzama kwenye udongo laini taratibu sana, kiasi kwamba unapoiacha inaonekana imara, na saa tatu baadaye iko chini. Dawa yake ni kitu chochote kipana na kigumu: kipande cha ubao, jiwe bapa, au kopo la bati lililokanyagwa likawa bapa. Mimi hubeba kifuniko cha kopo la rangi kilichotobolewa na kufungwa uzi, ili niuvute uzi huo nikiondoka badala ya kuinama.

Kutoka Nairobi hadi Naivasha, nipite juu au nipite Mai Mahiu?

Umbali ni takriban kilometa 90 kwa njia zote mbili, lakini ni safari mbili tofauti. Njia ya juu hupitia Limuru, Kimende na Kinungi, nayo ni pana zaidi. Adui wake ni ukungu, hasa kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo asubuhi unaweza kuingia kwenye wingu mara tu upitapo Limuru na usione lori lililo mbele yako hadi uone taa zake. Ujenzi wa kuipanua barabara hii kutoka Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025, kwa hiyo kabla ya kuondoka uliza waliopita juma hilo kuhusu michepuko na kokoto zilizomwagika.

Njia ya chini hushuka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa hadi mji wa Mai Mahiu. Ni ile iliyojengwa na mateka wa vita Waitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambao pia walijenga kanisa dogo lililo kando yake mwaka 1942. Mandhari yake hayana mfano, na hiyo ndiyo hatari yake: barabara ni nyembamba, malori mazito hupanda kwa mwendo wa konokono na mengine hushuka yakinuka breki, matatu hupita mahali pasipopitika, na mgeni anatazama Mlima Longonot badala ya kutazama kona. Shuka kwa gia ya chini ukiacha injini ikusaidie kupunguza mwendo, usikalie breki. Ukitaka picha, simama kwenye maegesho ya watazamaji, si ukingoni mwa barabara. Wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, sikiliza habari kwanza. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu wengi eneo la Mai Mahiu.

Ushauri wangu kwa mara ya kwanza ni kwenda kwa njia ya juu ukiwa na mzigo, kisha kushuka Mai Mahiu siku nyingine ukiwa mwepesi. Aidha, usipange kukwepa msongamano wa mjini kwa kupanda Nairobi Expressway, kwa sababu pikipiki haziruhusiwi huko.

Niondoke saa ngapi?

Panga kurudi nyuma kuanzia jioni. Huku kwetu jua huzama karibu na saa 12 na nusu mwaka mzima, na giza huingia upesi. Barabara kuu nyingi hazina taa, zina matuta yasiyopakwa rangi kwenye kila soko, na baada ya jua kuzama hutembelewa na punda, ng'ombe na watu waliovaa nguo nyeusi. Weka sharti kwamba saa 11 jioni pikipiki iwe imeshaegeshwa, kisha ondoa muda wa barabarani, mapumziko, na saa mbili za dharura. Jibu utakalopata ndilo saa yako ya mwisho ya kuondoka.

Kwa Naivasha, kuondoka Ijumaa saa 3 asubuhi baada ya ukungu na baada ya watu kuingia kazini kunatosha. Kwa Nanyuki, ambako ni takriban kilometa 200, saa 2 ni bora. Yule anayesema atatoka kazini saa 11 jioni Ijumaa na «kufika tu» ndiye tunayempigia simu saa 4 usiku.

Pikipiki yangu ni ndogo, ya cc 150. Je, inafaa?

Inafaa. Pikipiki hizo hubeba magunia ya viazi na familia nzima kila siku katika nchi hii, na kilometa 90 za lami si kitu kwake. Kinachobadilika ni kasi. Kwenye mlima, ukiwa na mzigo na upepo wa Bonde la Ufa usoni, itakwenda polepole, na wenye injini kubwa watakupita. Waache wapite. Tafuta kundi la mwendo wako, au ondoka saa moja kabla ya wengine mkutane kwenye kituo cha mafuta mlichokubaliana.

Upepo unahitaji neno la ziada, kwa sababu hauonekani kwenye ramani. Kati ya Naivasha na Gilgil unaweza kukupiga kutoka ubavuni kwa ghafla, na lori likikupita unakatika kisha unarudi kwa nguvu. Legeza mabega, usiukaze usukani, na uiachie pikipiki nafasi ya kuyumba kidogo ndani ya njia yako.

Ukarabati ufanywe juma moja kabla, si usiku wa kuamkia safari, ili kama fundi ameacha nati imelegea uigundue ukiwa Kiambu na si Kinungi. Angalia tairi, breki, cheni, oili na taa zote. Tairi mpya huteleza hadi zikwaruzwe na barabara, kwa hiyo zitembeze mjini kwanza. Kisha funga mzigo wote kama utakavyosafiri na uzunguke Kiserian na Isinya siku nzima. Utashangaa ni vitu vingapi utavitoa ukifika nyumbani.

Nibebe nini, na nikifungeje?

Beba kidogo, na uzito ukae chini na karibu na kiti. Begi zito lililowekwa nyuma kabisa, juu ya taa, huinua gurudumu la mbele na kufanya usukani uwe mwepesi kwa namna ya kutisha. Kamba za mpira zenye ndoano ni za kushikilia koti. Mzigo hufungwa kwa mikanda yenye kifungo cha kukazia, na mwisho wa kila mkanda hukunjwa na kufichwa, kwani mkanda unaopepea huishia kwenye cheni.

Zamani kila mtu alikuwa akifunika nguo kwa mifuko ya nailoni, hadi ilipopigwa marufuku Agosti 2017. Siku hizi nunua begi la turubai lisiloingia maji. Yale ya mitumba ya Gikomba, ukiyakagua mishono vizuri, hudumu miaka. Ndani yake weka nguo za jioni, dawa zako, na taa ya kichwani. Vifaa vya pancha, tyubu ya akiba, waya wa klachi, plagi na spana zinazolingana na nati zako viwe mahali unapoweza kuvifikia bila kufungua mzigo wote kando ya barabara. Vipuri hivi hupatikana Barabara ya Kirinyaga kwa bei ambayo hutaipata ukiwa umekwama Jumamosi jioni.

Nisafiri peke yangu au na kundi?

Na kundi dogo, watu wanne hadi sita, wanaofahamiana mwendo. Anayeongoza awe anaijua njia, na wa mwisho awe mzoefu mwenye vifaa, ambaye hamwachi mtu nyuma yake. Mgeni hukaa wa pili, nyuma ya kiongozi, si mkiani, kwa sababu mkia wa msafara huvutwa: kiongozi akipita lori na kuongeza kidogo, wa sita hulazimika kukimbia sana ili amfikie.

Kaeni kwa mpangilio wa msumeno, mmoja kulia na mwingine kushoto ndani ya njia moja, mkiachana sekunde mbili au zaidi. Kwenye kona, na popote barabara inapokuwa nyembamba, rudini mstari mmoja. Kila mtu huamua mwenyewe wakati wa kulipita gari. Kwamba mwenzako amepita hakumaanishi nawe una nafasi. Kubalianeni kabla ya kuondoka vituo vya kusimama kwa majina, ili aliyepotea asiwe na haja ya kukimbia wala kupiga simu akiwa barabarani.

Mkutano wangu wa kwanza uko Arusha. Nifanye nini cha ziada?

Jipe siku nzima ya kwenda. Nairobi hadi Namanga ni takriban kilometa 165 kupitia Kitengela, Kajiado na Bissil, na kutoka Namanga hadi Arusha ni kama 110 zaidi, lakini saa zako zitaliwa na mpaka. Kituo cha Namanga ni cha pamoja, maana yake anayeingia Tanzania hukamilisha taratibu za kutoka Kenya na za kuingia huko ndani ya jengo moja upande wa Tanzania.

Beba pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, leseni, na hati halisi ya umiliki wa pikipiki. Ikiwa pikipiki ni ya mkopo na hati iko kwa mkopeshaji, au ni ya rafiki, tafuta barua ya idhini mapema, kwa kuwa benki haiandiki barua Ijumaa asubuhi kwa sababu wewe umevaa helmeti. Pikipiki itahitaji kibali cha muda cha forodha, na bima yako ya Kenya haitoshi. Omba kwa kampuni yako ya bima Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania huitambua. Ndani ya Tanzania heshimu kikomo cha kilometa 50 kwa saa kila kijiji, hata pale ambapo hakuna mtu barabarani, kwa maana askari wa trafiki wako makini sana na jambo hilo. Badilisha fedha za kutosha malazi na mafuta ya siku ya kwanza, na usipokee msaada wa vijana wanaokukimbilia langoni wakidai wao ndio utaratibu.

Sheria ya Kenya inanidai nini?

Leseni ya daraja la pikipiki, bima iliyo hai, helmeti na koti la kuakisi mwanga kwako na kwa abiria wako, na abiria asizidi mmoja. Fahamu kwamba bima ya mtu wa tatu hailipi pikipiki yako wala mfupa wako. Nambari za dharura ni 999 na 112. Mwachie mtu aliye nyumbani jina la gesti, nambari ya usajili ya pikipiki yako na jina la unayesafiri naye.

Nikadirie vipi gharama?

Mafuta ndiyo rahisi kukadiria. Naivasha kwenda na kurudi ni kilometa 180, ongeza 60 za kuzunguka. Pikipiki inayokwenda kilometa 30 kwa lita itatumia lita 8. Bei ya juu ya mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, kila tarehe 14 ya mwezi na kuanza kutumika siku inayofuata, basi ikiwa safari iko katikati ya mwezi, subiri tangazo kabla ya kufunga hesabu. Malazi na kiingilio cha mkutano utaambiwa. Kinachowapotosha watu ni chakula, vinywaji na fulana za ukumbusho, na hapo kila mtu anajijua. Tenga fedha za pancha moja na usiku mmoja wa ziada, nazo zisiguswe. Sehemu ya fedha iwe taslimu, kwa kuwa fundi wa kijijini anaweza kuwa hana mtandao saa unapomhitaji.

Mke wangu anataka kuja nami kama abiria. Je, ni vyema?

Ni vyema ikiwa amewahi kukaa nyuma yako kwa saa mbili mfululizo na bado anataka. Mnunulie helmeti inayomtosha, si ile ya akiba inayozunguka kichwani, na umchagulie yeye chumba. Mwenye kukaa nyuma huchoka zaidi na ana haki ya maji moto.

Nirudi Jumapili au Jumatatu?

Jumapili alasiri barabara ya Naivasha hurudisha Nairobi nzima nyumbani kwa wakati mmoja, na kutoka Kimende hadi Rironi magari hupita mahali popote palipo na upana wa gari. Ongeza hapo mwendeshaji aliyelala saa 9 usiku, na jua linalokaribia kuzama. Ukiweza, lipia usiku wa tatu wakati ule ule unapoweka nafasi, kwa sababu Jumapili jioni ndio usiku ambao wenye gesti hukubali kupunguza bei. Ukishindwa, ondoka Jumapili kabla ya saa 3 asubuhi, ukiwa umekunywa chai na kula. Kabla ya kuwasha, zunguka pikipiki ukiwa na kitambaa mkononi: kaza mikanda, tazama kiwango cha oili, gusa cheni, bonyeza tairi zote mbili, na uinue kile kifuniko cha kopo kilicho chini ya stendi.